Kuku Wanne kwa Watoto wa Mtachoka

Mzee Sanga alipomaliza kumla kuku wa nne ndipo alipoanza kumfikiria yule wa kwanza.

Si kwamba kuku yule alikuwa na kosa lolote. Kuku akishakuwa mchuzi hana kosa. Kilichomkaa mzee kooni ni lile neno lililokuja pamoja na kuku. Maana kwao Ganda, nje kidogo ya Malindi, mtoto wa mbwa hakuuzwa kama mbuzi, wala hakutolewa bure kama maji ya kunywa. Mbwa wa bure hakai. Atarudi kwa mama yake, au atakufa, au atakaa lakini siku mwizi akija atamtikisia mkia na kumwonyesha mlango. Kwa hiyo anayetaka mtoto wa mbwa hupeleka kuku. Mwenye mbwa humpokea, humchinja, humla, na mfupa wa mwisho ukishatupwa, neno limefungwa: mtoto mmoja ni wa fulani. Ikitokea mwenye mbwa kashindwa kumtoa, hawezi kukamata kuku mwingine akampitisha uani kimyakimya. Husimama mbele ya wote waliompa, akasema kwa kinywa chake kwa nini ameshindwa. Hapo ndipo kuku hurudi.

Sasa, watu wenye akili zao hungoja watoto wazaliwe, wafumbue macho, ndipo wakawasha jiko. Mzee Sanga alikula kuku wanne na mama mtu hata dume hajamwona.

Mama mtu mwenyewe aliitwa Mtachoka. Jina hilo lilikuwa barua. Sanga na mkewe Nyevu walijaliwa mtoto mmoja tu, binti yao Emily, na kwa miaka arobaini watu hawakuacha kuuliza mbona mmoja, tena mbona wa kike, tena mbona Sanga hakuoa wa pili. Kumjibu mtu wa namna hiyo usoni ni kukosa adabu. Basi Emily alipowaletea kitoto cha mbwa kutoka Mtwapa ndani ya boksi la biskuti, Sanga alikipa jina, na kila jioni akasimama uani na kuita kwa sauti ya adhana: "Mtachoka! Mtachoka wee!" Aliyehusika alisikia. Jirani wa upande wa pili akatafuta mbwa wake akamwita Tumezoea. Wakaendelea hivyo kwa amani.

Mtachoka alikuwa wa rangi ya mchanga, masikio mawili ya maumbo mawili, moja limesimama na jingine limelala. Hakuwa na uzuri wa kumfanya mtu achinje kuku. Uzuri wake wote alipewa na mdomo wa bwana wake.

Na mdomo huo ulikuwa na kazi. Sanga alikuwa msoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja. Nyumba kwa nyumba, Shela mpaka Maweni, akiwa na kalamu sikioni na fimbo ya mbwa mkononi, na alipostaafu alirudi nyumbani bila kitu kikubwa ila hadithi. Alisimulia mita iliyosoma kinyumenyume mpaka idara ikawa inadaiwa maji na mwenye nyumba. Alisimulia mbwa wa kule Casuarina aliyemng'ata muundi, kisha akamfuata nyumbani kuja kuomba radhi. Mtu akiuliza, "Shahidi wako nani?" Sanga hujibu, "Shahidi alikuwa yule mbwa, na Mungu amrehemu."

Balaa la kuku lilianzia kwa Katana kinyozi. Siku hiyo Sanga alikuwa kitini, povu kidevuni, akasema kwamba Mtachoka ameua nyoka koboko kwenye vitalu vya nyanya.

"Koboko mzima?" Katana akauliza, wembe ukiwa hewani.

"Mzima alikuwa kabla. Baadaye alikuwa vipande vitatu."

"Urefu gani, mzee?"

"Kama mlango wako huu."

Kufikia Jumatano koboko alikuwa amefika urefu wa tuktuk. Kufikia Ijumaa alikuwa nguzo ya stima. Watu wakaanza kumpita Mtachoka njiani kwa heshima. Katana akawa wa kwanza kuleta kuku. Akafuata Ndinda fundi cherehani, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na kichaka. Akafuata Badi, muuza kahawa wa Mambrui mwenye mbuzi wake huku Ganda, ambaye alisimama mbali na Mtachoka, akaikunja kanzu yake na kusema, "Bwana Sanga, mimi mbwa namheshimu kwa umbali wa hatua kumi. Lakini mbuzi wangu hawana dini ya kuwazuia kulindwa." Wa mwisho alikuwa Hawe Kahaso, bibi kizee anayekaa peke yake kando ya mahindi yake na tumbili wanaoyala. Yeye alikuja na jogoo? La. Alikuja na mtetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya ukili, akamweka chini taratibu, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nataka anayebweka tu. Koboko nimwachie Mungu."

Sanga aliwapokea wote, Nyevu akapika wote, na habari ikapata hata bwana harusi. Lewa, shemeji yake Sanga, au mulamu kama walivyoitana, alikuwa mlinzi kwa Mtaliano mmoja wa Watamu mwenye dume la Kijerumani, refu, jeusi mgongoni, shingo kama gogo. Lewa akaahidi kulileta siku Mtachoka atakapotaka dume, naye malipo yake yawe kuchagua mtoto wa kwanza.

"Ila ujue, mulamu," Lewa akamwonya, "halisikii Kiswahili. Ukiliambia toka, linakutazama tu kama kwamba wewe ndiwe utoke."

Mtachoka akaanza kutaka dume mwanzoni mwa wiki. Mbwa wote wa Ganda wakahamia kwenye ua wa Sanga, Tumezoea akiwa mbele. Sanga akamfungia Mtachoka kwenye stoo ya zamani, akampigia simu Lewa, akawaalika wenye kuku wote. "Njooni Jumamosi asubuhi mwone harusi," akawaambia. "Mtarudi kwenu mmejionea mbegu ya koboko inavyopandwa."

Alhamisi akaja Musyoka.

Musyoka alikuwa daktari wa mifugo, kijana wa Kitui aliyefungua kachumba kake Malindi mjini, na kila mwaka alipita Ganda na pikipiki yake kuchanja mbwa wasipate kichaa. Nyevu alikuwa ameenda kanisani kwenye kikundi cha akina mama. Sanga akamfungulia stoo, akamsimulia harusi yote kabla sindano haijatoka kwenye boksi.

Musyoka alimchanja Mtachoka, kisha akamtazama akitembea. Akamwita tena. Akamtazama akikaa. Mtachoka alikuwa na namna yake ya kukaa, mguu mmoja wa nyuma ameunyoosha pembeni kama mwanamke anayepalilia.

"Shikamoo tena, mzee. Huyu aligongwa?"

"Kidogo tu, mwaka juzi. Bodaboda. Mwenye bodaboda ndiye aliyelazwa."

Musyoka hakucheka. Alivaa mpira mkononi, akamwomba Sanga amshike kichwa, akampima kwa ndani polepole huku macho yake yakitazama ukuta. Mtachoka alilia mara moja, kilio chembamba ambacho Sanga hakupata kukisikia kwake.

"Mzee, mfupa wa nyonga ulivunjika, ukaunga vibaya. Umeingia kwa ndani. Njia ya kuzalia imebana sana, vidole viwili havipiti vizuri. Hilo dume la Watamu lina kilo ngapi?"

"Lewa alilipima kwa mizani ya samaki. Arobaini na mbili."

"Watoto watakuwa na vichwa. Watakwama."

"Mbwa huzaa wenyewe, daktari. Hata mkunga hawamtaki."

"Wakikwama hawazai wenyewe. Hapo ni kupasuliwa, na mimi hapa sina vifaa vya kupasua mama na watoto usiku na usiku. Mpaka umfikishe Mombasa, umempoteza. Yeye na wao."

Sanga akajikuna kidevu. "Na una uhakika?"

Kijana yule angesema ndiyo, mambo yangekwisha pale pale. Lakini alikuwa mkweli. "Bila kupiga picha mfupa, hakuna wa kuwa na uhakika wa mia kwa mia. Ila angekuwa wangu, nisingethubutu. Ngoja joto limwishe, miezi miwili au mitatu, uniletee nimfunge kizazi. Atakaa miaka mingi."

Akawasha pikipiki, akaenda. Akamwachia Mzee Sanga ule ufa mdogo wa "hakuna uhakika", na mzee akaingia ndani ya ufa huo akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha kwanza: kijana ni mgeni, huyu mbwa wa pwani hamjui. Cha pili: madaktari kazi yao kutisha watu. Cha tatu, ambacho ndicho alicholala: mbwa wangapi wameteguka na wakazaa? Kwa sababu nje ya nyumba hiyo walikuwa wanangoja Katana, Badi, Ndinda na Hawe Kahaso, na yeye angelazimika kusimama mbele yao na kusema. Aseme nini? Akisema nyonga, wataulizana: mbwa aliyemkata koboko vipande vitatu, nyonga yake mbovu? Uzi mmoja ukivutwa, fulana yote inafumuka. Miaka thelathini na moja ya mita, na mbwa wa Casuarina, na kila kitu. Mtu asiye na ng'ombe wala duka, ambaye akifika kwa kinyozi watu humsogezea kiti kwa sababu ya mdomo wake, anakuwa nani siku mdomo huo ukishikwa?

Ijumaa hakwenda kwa kinyozi. Alikaa kibarazani, akachonga mpini wa jembe mpaka ukawa mwembamba kama kijiko.

Nyevu alimtazama tangu asubuhi. Mchana akamletea sima na mchicha, akakaa mbele yake.

"Baba Emily, leo hujaongopa tangu uamke. Unaumwa?"

Basi akamwambia. Alimwambia vizuri, bila chumvi, kwa sababu kwa Nyevu chumvi yake haikuwahi kukolea. Nyevu alijua, kwa mfano, kwamba koboko alikuwa mpira wa kumwagilia nyanya. Yeye ndiye aliyeuunga kwa vipande vya tairi.

Alipomaliza, Nyevu akayasogeza majani ya mchicha kando ya sima.

"Nikuambie nini?" akasema. "Mbwa ni wako, na mdomo ni wako. Mimi kuku nilipika tu."

"Nakuuliza wewe. Wewe ungefanyaje?"

"Unaniuliza mimi?" Nyevu akainua macho. "Mimi nilikwama na Emily siku mbili. Unakumbuka. Ulikaa nje ukiwasimulia wauguzi sijui hadithi gani, nikakusikia unacheka. Sikukulaumu, nilijua unaogopa. Daktari aliponiuliza baadaye kama nataka mwingine, nilikuwa na mdomo, nikasema inatosha. Na wewe hukusema neno, hata ndugu zako walipokupigia kelele." Akainuka. "Huyo wa stoo hana mdomo. Haya, kula, sima inapoa."

Sanga hakula. Alikwenda akaketi kwenye mlango wa stoo, na Mtachoka akaja akamlalia miguuni. Alikumbuka mwaka ule Nyevu alipolazwa siku kumi na mbili kwa ajili ya tumbo, nyumba ikawa kubwa kama shule wakati wa likizo. Alikuwa akimsimulia mbwa huyu kila kitu. Mita za kinyumenyume, zote. Duniani kote huyu ndiye msikilizaji pekee ambaye hakuwahi kumwuliza shahidi.

Hata hivyo Jumamosi ilipofika, mzee alikuwa bado hajaamua. Niseme kweli yake: alikuwa ameamua mara tisa, mara tano hivi na mara nne vile.

Wenye kuku walifika mapema kuliko alivyotaka. Katana alifunga duka lake la kunyolea. Ndinda alivaa gauni la Jumapili. Badi alikuja na birika lake la kahawa na vikombe, "maana harusi bila kahawa ni mkutano tu." Hawe Kahaso alikuja polepole na mkongojo wake, akapewa kigoda karibu na kinu cha Nyevu kilichofudikizwa uani. Musyoka naye akapita, anasema anakwenda Kakuyuni, lakini alizima pikipiki na hakushuka.

"Shikamooni wazee. Naona mko na shughuli," akasema, akimtazama Sanga.

"Marahaba, marahaba," Sanga akajibu, akitazama mahali pengine.

Kisha tuktuk ikaingia, imeinama upande mmoja kwa uzito, na dume la Watamu likashuka. Wote wakarudi nyuma hatua moja. Badi hatua kumi zake. Lilikuwa na ukanda wa ngozi shingoni wenye njumu za shaba, na kichwa, naam, kichwa chake kilikuwa kama nazi iliyokomaa, na maganda yake. Sanga alikitazama kichwa hicho, kisha akautazama mlango wa stoo.

"Haya mulamu, mlete bibi harusi!" Lewa akasema.

Nyevu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kwenye leso.

"Jamani," Sanga akaanza, na watu wakasogea, maana waliijua sauti ile. "Kabla hatujafungua, kuna jambo limetokea, na si la kawaida. Jana kama saa kumi jioni nilikuwa nimekaa hapa, mara nikaona wingu. Wingu dogo, kama kikapu. Likashuka mpaka juu ya stoo, na ndani yake..."

Hakuna aliyejua wingu lile lingeleta nini, hata Sanga mwenyewe. Nadhani angemtoa ndani yake babu yake au malaika mmoja, amkataze harusi kwa miaka saba. Lakini Lewa, ambaye hakuwa na subira na mawingu, alikwisha kuliondoa komeo la stoo. Mtachoka akatoka. Akapita katikati ya watu wote wale bila kumtazama mtu, akaja mpaka kwa Sanga, akakaa chini. Akakaa kwa ile namna yake, mguu pembeni.

Dume likanyoosha masikio, likamponyoka Lewa.

"Toka!" Sanga akapiga kelele. Dume likamtazama kama kwamba yeye ndiye atoke.

Mzee wa miaka sitini na saba, mwenye mgongo ambao kwa maneno yake mwenyewe ulistaafu kabla yake, akainama, akamkumbata Mtachoka wa kilo kumi na nane, akamnyanyua. Dume likaruka likamwekea mikono miwili kifuani. Sanga akarudi nyuma, kisigino kikagonga kinu, akapanda juu yake. Akasimama hapo kama bendera, mbwa kifuani, dume linazunguka chini likinusa hewa.

"Mfunge huyo mbwa wako, mulamu! Mfunge!"

"Lakini mulamu, si ndiyo harusi?"

"Hakuna harusi!" Sauti ilimtoka mpaka Tumezoea akabweka ng'ambo ya ua. "Hakuna harusi leo wala kesho. Huyu nyonga yake ilivunjika, ikaunga vibaya. Akibeba mimba atakufa nayo. Daktari aliniambia juzi, yule pale, mwulizeni. Nikanyamaza kwa sababu nimekula kuku wenu, nikaona haya. Basi nasema. Nimeshindwa. Watoto wa Mtachoka hawapo na hawatakuwapo."

Lewa alifaulu kulishika dume kwa ukanda. Sanga akaona kwamba akiwa amekwisha kufika juu ya kinu, heri amalize.

"Na koboko," akasema kwa sauti ya chini kidogo, "alikuwa mpira wa maji."

Katana kinyozi aliangalia chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sanga alidhani ni hasira, akajikaza.

"Mzee," Katana akasema, akijifuta macho, "shuka, utaanguka. Yule kuku wangu alikuwa anakula mayai yake mwenyewe. Alikula mayai ya miezi minne. Nilikuwa natafuta pa kumpeleka."

"He!" Ndinda akashika mdomo. "Mwenzangu! Wangu mimi alikuwa analalia. Halalii mayai, analalia viatu. Nimemwondoa juu ya cherehani mara ngapi! Nikasema, basi, huyu aende kwa mzee, na mimi nipate mbwa ambaye hata simhitaji, mume wangu mwenyewe akikoroma mwizi hukimbia."

Badi alijaza kikombe kimoja kwa makini, akakinywa mwenyewe. "Mimi," akasema, "sikuwa nimekusudia kusema. Lakini kwa kuwa siku ni ya ukweli. Wangu alikuwa jogoo, na aliwika saa nane za usiku, kila usiku, mpaka imamu akaniuliza kama mimi nina saa yangu. Kuhusu mbwa, Bwana Sanga, tangu nilipokupa yule jogoo nimekaa nikiwaza nitamwambiaje mke wangu. Umenitua mzigo, Wallahi."

"Ndiyo maana!" Nyevu akalipuka kutoka mlangoni. "Ndiyo maana yule jogoo hakuiva! Nilimtia papai bichi, nikamtia tangawizi, nikamchemsha tangu adhuhuri mpaka magharibi, bado alikuwa mpira! Mnatuletea magonjwa yenu yenye manyoya halafu mnasimama hapa na magauni!"

Hapo uani pakapasuka kicheko. Musyoka alicheka mpaka akaushika usukani wa pikipiki isianguke. Sanga akahisi kitu kikiteremka kutoka mabegani, polepole, kama gunia linaloshushwa na watu wawili. Akashuka kwenye kinu. Mtachoka akamlamba sikio, naye akamwacha alambe.

Mtu mmoja hakuwa amecheka. Hawe Kahaso alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya mkongojo.

"Mimi wangu alikuwa kuku mzuri," akasema. "Alikuwa anataga."

Kicheko kikafa. Sanga aliona aibu ya kweli sasa, si ile ya kuogopa kiti cha kwa kinyozi. Akaenda akachuchumaa mbele ya bibi.

"Hawe, nimekukosea. Wewe ndiwe uliyeleta kweli, nami nikakupa upepo."

Nyevu alikwisha kuingia kibandani. Akatoka na mtetea wake wa madoa, yule aliyempenda kuliko wote, akamweka mapajani mwa bibi.

Hawe Kahaso alimpapasa kuku kifua, akaridhika. "Nimepokea. Hayo yamekwisha. Lakini tumbili hawaogopi kuku, mjukuu wangu."

"Kule Ngomeni," Badi akasema akiwa mbali kule kule, "chini ya mashua moja mbovu iliyopinduliwa, kuna mbwa kazaa. Nimeona juzi nikipeleka kahawa. Watoto watano. Ukiuliza wa nani, wavuvi wanasema ni wetu sote, maana yake hana mwenyewe. Wanabweka hao! Macho hayajafumbuka vizuri, wanabwekea mawimbi."

Wiki tatu baadaye watoto walipoacha kunyonya, Mzee Sanga alikwenda Ngomeni mwenyewe. Hawe Kahaso alimpa yule mtetea wa madoa awapelekee wavuvi, kwa kuwa mbwa wa bure hakai, na Nyevu alimsindikiza kuku wake kwa macho mpaka kona ya barabara. Sanga alirudi na kitoto cheusi chenye miguu mikubwa. Kilibweka njia nzima. Bibi akakisikia kabla hajakiona, akafungua mlango.

Ilipokaribia miezi mitatu, Sanga alimpeleka Mtachoka kwa Musyoka. Alipewa benchi nje, kando ya mama mmoja mwenye mbuzi aliyevimba shavu. Mama yule alimwuliza mbwa ana nini. Sanga alikuwa anausikiliza mlango. Alihesabu mbao za mlango huo. Alihesabu tena. Mbuzi akamla upindo wa suruali, hakuona.

Musyoka alitoka akivua mipira ya mikononi.

"Ameamka, mzee. Yuko sawa. Amenitapikia kiatu."

Sanga aliinuka, akakaa tena.

"Na kitu kingine," kijana akasema, akaketi naye. "Nilipomlaza nikampima tena akiwa amelegea. Nilikuambia vidole viwili havipiti vizuri. Hakipiti hata kimoja. Angefika siku ya kuzaa, mzee, asingemaliza hata saa."

Sanga alitikisa kichwa, akatikisa tena. Alitaka kumshukuru, lakini mkono ndio uliotangulia. Ukamshika kijana bega na kukaa hapo muda mrefu.

Walirudi Ganda kwa tuktuk, Mtachoka amefungwa ndani ya leso kuukuu ya Nyevu, kichwa kwenye paja la mzee, ulimi umetoka kidogo. Dereva alikuwa mtu wa Ganda, anamjua Sanga, akatazama kwenye kioo akitabasamu tayari.

"Mzee, mbwa wetu leo kafanya nini?"

"Amefungwa kizazi. Hatakufa."

Dereva akapunguza mwendo, akangoja yaliyobaki. Akangoja mpaka njia panda ya Kakuyuni. Alipogeuka kuangalia, mzee alikuwa amelala fofofo, kofia imemshukia puani, na mkono mmoja uko juu ya mbwa, unapanda na kushuka pamoja na mbavu zake.